Wasomaji Waliokuja Bila Mtandao

Kwa miaka mingi Fundi aliwajua watu kwa mataya yao. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na chumba chake kiko nyuma kabisa ya kliniki, ukishapita stoo ya dawa na mlango wa choo cha wafanyakazi. Daktari huchukua chapa ya kinywa cha mgonjwa huko mbele, kwenye kiti chenye taa. Chapa ikifika nyuma, Fundi humimina plasta, hungoja ikauke, na taya la mtu hutokea mezani pake, jeupe, lisilo na jina wala macho. Kutoka hapo anaweza kukuambia kwamba mwenye taya hili hutafunia upande mmoja, kwamba huyu husaga meno akilala, kwamba yule amekaa muda mrefu bila meno hata fizi zimenywea. Asichoweza kukuambia ni sura. Wagonjwa huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango huohuo. Akipishana nao barabarani wakicheka kwa meno aliyoyapanga yeye, moja moja, kwenye nta, hawamjui. Yeye huyatambua meno.

Ni mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mikono iliyokauka kwa plasta na ulimi usiokauka. Karani wa mapokezi akimletea chapa iliyochukuliwa vibaya, humuuliza kama Daktari alikuwa anapima mdomo au goti. Hana mtoto. Au anaye: mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimwogesha, alimfundisha kusoma, alimshika mkono siku ya kwanza ya shule na kusimama nje ya dirisha mpaka mwalimu akamfukuza. Mdogo huyo sasa ni mtu mzima, ana mke, na anaishi kwa kutengeneza tovuti za maduka na shule. Kila Jumapili Fundi hula chakula cha mchana kwao.

Ni kwenye meza hiyo ya Jumapili ndiko lilikoanzia jambo lenyewe. Fundi alikuwa akieleza, kama kawaida yake, kwa nini meno ya chini huelea na ya juu hushika, na kwa nini mtu aliyevaa meno mapya aanze kusoma gazeti kwa sauti kabla hajaanza kula nyama. Mdogo wake akaweka kijiko chini.

"Dada, haya unayotuambia sisi wenye meno yetu yanapotea bure. Yaandike."

Akamtengenezea tovuti. Fundi aliandika wakati plasta ikikauka, kurasa fupi, bila madoido: namna ya kutafuna mkate wiki ya kwanza, kwa nini usiyaoshe meno kwa maji ya moto, namna ya kucheka bila kuogopa kwamba yatatoka. Mwanzoni ilikuwa kimya. Mwezi mzima ukapita bila hata salamu, naye akaanza kusema kwamba ameona, watu hawataki habari za meno, na aachiwe na plasta yake.

Kisha watu wakaja. Juu ya ukurasa kulikuwa na mstari wa kijani ulioandikwa "Wanaosoma sasa," na mbele yake namba iliyopanda na kushuka, arobaini na kitu, hamsini na kitu, kama mlango wa duka lenye wateja. Pembeni, maoni yaliteremka moja baada ya jingine. Mama Pacha alishukuru kwa ushauri wa mkate. Mzee wa Kofia alisema sasa anakula kama kijana. Dereva Mstaafu aliuliza kuhusu gundi ya meno na kujijibu mwenyewe. Chini ya kila oni kulikuwa na kisanduku cha kujibu, na Fundi alijibu kila mmoja, kwa adabu na kwa urefu. Ukibonyeza "Tuma," maandishi yalijitokeza: asante, jibu lako limetumwa.

Aliyempenda zaidi alijiita Bibi wa Ghorofani. Bibi huyo aliandika kwamba kwa miaka amekuwa akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, na kwamba tangu asome maneno ya Fundi, mkono umeshuka wenyewe. Fundi alilisoma oni hilo mpaka akalijua kwa moyo. Alimjibu Bibi si mara moja. Alimwandikia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini kutwa nzima kule nyuma, kwamba nyumba yake ina utulivu kuliko anavyotaka, na kwamba mtu pekee aliyemwona yeye ana la kusema ni mdogo wake. Alimsifu sana mdogo wake kwa yule bibi.

Ndipo akaanza kuwaza chumba chake mwenyewe. Hakuwaza makubwa. Chumba chenye dirisha la barabarani, meza moja, viti viwili, na mlango ambao watu wangeuingia wenyewe, ili kwa mara ya kwanza aone taya likiwa na uso wake. Watu alikuwa nao tayari, si ndio hao. Alikipata chumba, akazungumza na mwenye nyumba, akaenda kwa mdogo wake kumpa habari kwamba anaacha kazi. Mdogo wake alimtazama mkewe. Mkewe akainuka kwenda kuchemsha chai. Kisha mdogo wake akasema hongera.

Kumwambia Daktari kulikuwa kugumu zaidi. Daktari ni mtu mkavu, hasemi maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Alimuuliza wateja atawatoa wapi. Fundi, amesimama mbele ya meza yake na simu mkononi, akamsomea maoni: Mama Pacha, Mzee wa Kofia, na mwisho kabisa, Bibi wa Ghorofani. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, atatafuta fundi mwingine. Mtu akapatikana, na ikakubaliwa kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi atakuja kutia saini mkataba. Mpaka saini hiyo iwekwe, kiti bado ni cha Fundi. Ikishawekwa, basi.

Kilichotibua yote ni kitu kidogo, nacho kilikuja kwa nia njema.

Kompyuta ya chumba cha nyuma ni kuukuu. Imewekwa pale ili Daktari atume maagizo ya meno, rangi gani, ukubwa gani, lakini Fundi huitumia pia kusomea magazeti. Magazeti ya mtandaoni yalikuwa yakimtesa. Anafungua habari, tangazo la magodoro linaruka mbele. Anafunga godoro, video inaanza kupiga kelele. Anatafuta pa kuizima, kompyuta yenyewe inahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Karani wa mapokezi, binti mwenye subira, akamwonea huruma.

"Mama, ngoja nikuwekee kitu."

Alichomwekea ni kiendelezi, kijiprogramu kinachoshikizwa kwenye kivinjari. Alimweleza kwamba kila ukurasa wa mtandaoni huja na maandishi na picha, lakini pia huja na skripti, yaani maagizo yaliyofichwa yanayoufanya ukurasa uruke, uhesabu, ucheze video, ulete matangazo. Kiendelezi hiki huzizuia. Tena hakizizuii kote kwa pamoja: unachagua tovuti unayotaka. Juu kwenye kona kuna alama ya ngao. Ukiibonyeza ikawa nyekundu, skripti za tovuti uliyomo zinanyamaza. Ukiibonyeza tena, zinarudi.

Fundi alifurahi kama mtu aliyepewa fimbo ya kufukuzia nzi. Akanyamazisha gazeti la kwanza, la pili, tovuti ya utabiri wa hali ya hewa, na tovuti ya wauza plasta ambayo ilikuwa na mwanamke wa kuchorwa aliyekuwa akipunga mkono bila kuchoka. Kurasa zikatulia. Kulikuwa na maandishi tu, nayo yalisomeka.

Siku moja akaijaribu ngao kwenye tovuti yake mwenyewe. Alitaka kujua ukurasa wake unaonekanaje ukiwa mwepesi, kwa ajili ya wasomaji wenye simu za bei rahisi. Makala zote zilibaki, neno kwa neno. Lakini mstari wa kijani ulitoweka, na pembeni, pale maoni yalipokuwa yakiteremka, palibaki peupe. Akashtuka, akamwita karani. Karani akamtuliza: ni kawaida, hesabu na maoni mara nyingi huletwa na skripti, ukiizuia huvioni. Akaibonyeza ngao, wasomaji wakarudi. Fundi akacheka, akasema amejifungia wageni nje ya mlango.

Jumatano ya wiki ya mwisho, mtu wa usafi alichomoa waya wa kisanduku cha intaneti kule mapokezi ili apate pa kuchomeka mashine ya kusugua sakafu. Fundi alikuwa anataka kusoma habari. Gazeti likakataa kufunguka: hakuna mtandao. La pili likakataa. Akarudi kwenye ukurasa wake, ambao alikuwa ameufungua tangu asubuhi, asubiri hapo.

Wanaosoma sasa: arobaini na saba.

Alitazama tu, akili ikiwa kwenye plasta. Namba ikawa arobaini na tisa. Ikashuka, ikapanda. Pembeni akateremka Mzee wa Kofia na shukrani zake. Fundi alirudi kwenye gazeti: hakuna mtandao. Akarudi kwake: hamsini na mbili.

Alikwenda mwenyewe mapokezi, akiwa na koleo la nta mkononi, akamwomba karani aje mara moja. Karani alisimama nyuma ya kiti, akatazama namba ikipanda.

"Mama, mtandao umekatika. Hakuna kinachoingia humu wala kinachotoka."

"Naona watu wanaingia."

"Hao hawajaingia." Karani alisema taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtu. "Hao wamo humohumo ndani ya ukurasa. Ni skripti ndiyo inayowatoa."

Fundi aliketi. Akaweka mshale kwenye kisanduku kilicho chini ya jina la Bibi wa Ghorofani, akaandika neno moja: upo? Akabonyeza. Maandishi yakajitokeza: asante, jibu lako limetumwa.

Waya uliporudishwa, alifanya kazi hiyo kama anavyofanya kazi zake zote, mpaka mwisho. Akabonyeza ngao ikawa nyekundu: wakanyamaza wote. Akaibonyeza tena, ukurasa ukaanza upya, akakaa kuwasubiri. Mama Pacha alitangulia, kwa maneno yaleyale. Akafuata Mzee wa Kofia. Akafuata Dereva Mstaafu, akauliza kuhusu gundi, akajijibu. Walikuja kwa mpangilio uleule wa asubuhi, kama wanafunzi wanaoitwa majina. Kwa muda wote huo alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na aliyekisuka anamjua.

Hakusubiri Jumapili. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akawakuta sebuleni wawili wote, mke akikunja nguo. Hakukaa. Aliwaeleza alichokiona, kwa utulivu, kuanzia mashine ya kusugua sakafu. Alipomaliza, mdogo wake alikuwa anatazama zulia.

Hakukana. Alisema kwamba ukurasa mtupu ni kama mgahawa mtupu, anayepita akichungulia ndani haoni mtu, anaendelea na safari. Kwa hiyo mwenye mgahawa huwakalisha ndugu zake wawili watatu karibu na dirisha. Kila mtu hufanya hivyo, maduka aliyoyatengenezea yote yamefanya hivyo. Alikusudia kuwaondoa wale watu wa kubuni mara tu wa kweli watakapoanza kuja.

"Na wamekuja?"

"Wapo wanaokuja."

"Wanaonifuata mimi?"

Alisugua paji la uso. "Wengi wanapotea njia, Dada. Wanatafuta bei ya dawa ya meno."

Katika siku nyingine Fundi angecheka, pengine kuliko wote. Aliuliza ni nani aliyeyaandika maneno. Kwa skripti alikuwa hana shaka ni mikono ya nani. Lakini mdogo wake, tangu shuleni, hakuwahi kuandika sentensi inayoweza kumtoa mtu machozi.

Mkono wa wifi yake ulisimama juu ya nguo.

"Ni mimi, wifi."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule bibi?"

Wifi yake alisema kwamba siku zile Fundi alikuwa amekata tamaa, anakuja Jumapili hasemi, anakula na kuondoka. Wakaona wamchangamshe. Yule bibi aliandikwa kwa mapenzi, wala hakumwandika kwa kumcheza shere. Aliwaza ni maneno gani ambayo Fundi angependa kuyasikia kuliko yote, akayaandika. Akalia. Alilia kweli, na Fundi aliona kwamba analia kweli, na bado hakusogea kumshika.

Jambo moja lilikuwa limemwunguza njia nzima, naye alilisema akiwa ameangalia ukuta.

"Yale niliyomjibu. Mliyasoma?"

Walitazamana. Mdogo wake akajibu kwa haraka, kama mtu anayefurahi kupata hatimaye kitu kizuri cha kusema.

"Hapana, Dada, hatukusoma hata neno. Kile kisanduku hakijaunganishwa na kitu. Unaandika, kinakuambia limetumwa, halafu linafutika."

Fundi alikuwa amekuja akiomba moyoni wawe hawajasoma. Sasa alisimama pale, kamba ya mkoba ikimkata bega, akagundua kwamba hilo ndilo baya kuliko yote.

"Bora mngesoma," alisema.

Alipofika mlangoni aligeuka. Ya watu wa dirishani, alisema, huenda angeyameza. Huenda hata ya yule bibi. "Lakini nilikuja nikasimama hapahapa nikakwambia naacha kazi. Ulijua naacha kazi kwa ajili ya watu gani. Ulikuwa na mdomo. Ukasema hongera."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka," alisema Fundi, akaondoka.

Alhamisi alifanya kazi bila kuongea na mtu, na karani aliyekuwa anajua hakumgusa. Ijumaa asubuhi, kabla fundi mpya hajafika, alikwenda mbele kwa Daktari. Alikuwa amepanga maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache: angependa kubaki, kama bado inawezekana.

Daktari alivua miwani. Akamuuliza, na wale watu wako?

"Hawakuwepo."

Alitegemea maswali. Alitegemea hata kicheko, na alikuwa amejiandaa kukipokea. Daktari aliinamisha kichwa kama anayesikia jambo analolijua.

"Nilidhani unayaandika mwenyewe," alisema. "Siku ile uliponisomea. Nikaona si vizuri kukuumbua. Baki."

Fundi alishukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akikubaliwa ombi lake. Daktari akapiga simu, akamwambia yule mtu asije. Chumba cha dirisha la barabarani kikachukuliwa na mshona viatu. Na Fundi akarudi nyuma, kupita stoo, kupita mlango wa choo, akijua kwamba kwa wiki zote zile alizotembea kliniki nzima akijiona ana watu, aliyekuwa mbele alimwona kama mwanamke anayejiandikia barua.

Mdogo wake aliiondoa skripti siku hiyohiyo. Mstari wa kijani ukafutika, maoni yakafutika, kisanduku cha kujibu kikaunganishwa, safari hii kweli, kwa mujibu wake. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, mrefu, wenye makosa mengi ya kuandika. Fundi aliujibu kwa neno moja, nimeona. Jumapili hakwenda. Jumapili iliyofuata hakwenda.

Kisha mdogo wake akampigia kazini, sauti juu. Alisema kuna mtu ameandika kwenye tovuti, akamtumia maneno yenyewe. Mtu huyo hakusalimia wala kusifu. Alisema meno ya chini yanamchubua upande wa kushoto akila mkate, na jirani amemwambia ayasugue mwenyewe kwa tupa, afanye au asifanye.

"Huyu ni mtu, Dada. Mtu wa kweli."

"Na Mama Pacha alikuwa nani?"

Mdogo wake alisema tu kwamba maneno yapo kwenye simu yake, ayasome.

Fundi aliyasoma maneno yale mara nyingi kuliko yalivyostahili. Tupa ilimtia wasiwasi. Mtu akianza kusugua meno ya bandia kwa tupa, hayarudi tena. Hayakuwa na sifa hata moja, na hilo lilimfanya aamini. Kisha akakumbuka kwamba wifi yake ana kalamu nzuri, na kwamba mwenye kalamu nzuri hujifunza. Alianza jibu, akalifuta. Mwishowe alimwambia mdogo wake amjibu mtu huyo asiguse tupa, na apige simu kliniki, amuulizie yeye. Alitaka kusikia sauti.

Mdogo wake alisema amemwandikia. Wiki ile simu ya mapokezi ililia kama kawaida. Waliita wenye jino linalouma, waliita wanaotaka kubadilisha siku, aliita mtu wa kuuza miswaki. Kila ilipolia, kule nyuma Fundi alizima mashine ya kung'arishia meno na kutega sikio, na karani, akishaiweka chini, alitikisa kichwa kupitia mlango ulioachwa wazi.

Hakuna aliyemuulizia. Inawezekana mtu huyo aliona ni usumbufu, au fizi zilizoea, au alikwishashika tupa. Inawezekana hakuwepo. Jibu analo mdogo wake. Fundi hajamuuliza, kwa sababu anajua atamjibu, na lolote atakalojibu hataliamini.